Kengele ya Shirati

Nyumbani kwa Rhobi, asubuhi ilianza na kengele. Haikuwa kengele ya shule wala ya kanisa. Ilikuwa kengele ya ng'ombe. Shirati akitikisa kichwa zizini, kengele inalia, na Rhobi anajua kwamba ng'ombe wake ameamka na anataka kukamuliwa.

Shirati alikuwa ng'ombe wa Rhobi mwenyewe. Hakuwa wa mahari, wala hakuwa wa ukoo. Rhobi alilima mahindi na mihogo misimu mitatu, akauza, akasafiri mwenyewe hadi Shirati, kule kando ya ziwa, akamnunua. Ndiyo maana akampa jina hilo. Alikuwa ng'ombe chotara, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni. Maziwa yake yalimsomesha Elieth, binti pekee wa Rhobi, katika shule ya bweni Mugumu. Watu walipenda kutania, "Elieth ana baba wawili. Mmoja ana pembe."

Baba yule mwingine, asiye na pembe, aliitwa Kisyeri. Yeye alikuwa na duka la dawa za mifugo. Lilikuwa duka la mlango mmoja, kando ya barabara ya kutoka Mugumu kwenda Ikoma. Nyumba yao ilikuwa nyuma yake tu. Rhobi akiwa jikoni, alisikia kila neno lililosemwa dukani, na maneno yenyewe yalikuwa yale yale kila siku.

"Habari ya asubuhi, mura. Dawa ya kuogesha ng'ombe ipo?"

"Imeisha. Njoo kesho."

"Hata jana ulisema kesho."

"Ile ilikuwa kesho ya jana. Hii ni kesho nyingine."

Mteja alicheka, Kisyeri naye akacheka. Jikoni, Rhobi hakucheka. Alijua kwamba kijiji kizima kinaliita duka lao Njoo Kesho. Mtoto akitumwa dawa, anaambiwa, "Pitia kwa Njoo Kesho, halafu uende Mugumu ukanunue."

Kama duka lingekuwa tupu, Rhobi angeelewa. Biashara ina shida zake. Lakini duka lilikuwa limejaa! Rafu mbili nzima zilijaa dawa ya minyoo ya mbuzi. Gari la wauzaji lilipita mwaka uliopita, wakasema bei imeshuka, Kisyeri akanunua maboksi mpaka yakafika darini. Chini kulikuwa na mawe ya chumvi ya kulamba, yamepangwa kama matofali. Lakini dawa ya kuogesha ng'ombe ili kuua kupe, ambayo watu waliiulizia kila siku, haikuwepo. Sindano ya ndigana nayo leo ipo, kesho haipo.

"Baba Elieth," Rhobi alimwambia siku moja, "kwa nini usihesabu vitu vyako? Ujue kipi kinapungua, uagize mapema."

Kisyeri aliweka kikombe chini. "Mama Elieth, mimi ni Mkurya, mtoto wa kijiji cha Susuni. Nimezaliwa kwenye ng'ombe. Kwetu mali haihesabiwi. Ukiinyooshea kidole moja, mbili, tatu, unaiita mikosi. Baba yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Alitazama tu, akajua. Mimi pia natazama tu."

"Na ukitazama unaona nini?"

"Naona dukani kumejaa."

Rhobi aliondoka kabla hajasema neno baya.

Mvua za vuli zilipoanza, majani yaliota, na kupe wakaota pamoja nayo. Hiyo si habari mpya. Kila mwaka mvua huleta kupe, na kupe huleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe kwa siku chache. Kila mfugaji analijua hilo. Muuza dawa ndiye angepaswa kulijua kuliko wote. Lakini wiki mbili zilikuwa zimepita na dawa ya kuogesha haijaletwa. Shirati hakuogeshwa.

Ijumaa asubuhi kengele haikulia.

Rhobi alikwenda zizini na ndoo yake. Shirati alikuwa amesimama, kichwa chini. Hakugusa majani. Rhobi alimshika sikio, likawa la moto. Chini ya sikio palikuwa na uvimbe wa kama yai la kuku.

Bwana mifugo wa kata aliitwa Jackson. Alifika kwa pikipiki kabla ya saa nne. Alimpima Shirati joto, akapapasa uvimbe, akasikiliza kifua.

"Ni ndigana kali," alisema. "Bado hajaanza kukohoa. Akipata sindano leo, anaweza kupona. Mimi nimemaliza yangu jana." Kisha alimgeukia Kisyeri. "Kwako ipo?"

Wote walimtazama Kisyeri. Kisyeri alitazama duka lake, lile lililojaa.

"Ya mwisho niliiuza Jumanne," alisema kwa sauti ndogo.

"Na hukuagiza nyingine?"

"Nilikuwa nataka kuagiza."

Kisyeri alipanda bodaboda kwenda Mugumu. Alizunguka maduka yote. Kila duka walimjibu kwamba mvua zimeanza, kila mtu amekuja kununua, sindano za ndigana zimeisha. Kisyeri alisikia maneno yake mwenyewe kwenye midomo ya watu wengine: "Njoo kesho." Akapiga simu Musoma, kwa muuzaji wa jumla. Huko ilikuwepo. Wangeituma kwa basi siku inayofuata.

Basi lilikwama kwenye matope. Likalala njiani.

Jumapili mchana Kisyeri alirudi mbio, amelowa, kichupa kiko mkononi. Rhobi alikuwa amekaa zizini kwenye matope. Shirati alikuwa amelala ubavu. Povu la puani lilikuwa limekauka. Pembeni alisimama mtamba wake mwekundu, ambaye naye alikuwa na doa usoni, akimlamba mama yake shingoni.

"Nimeipata," Kisyeri alisema.

Rhobi aliinua uso. "Mpe."

"Mama Elieth..."

"Mpe! Si dawa hiyo? Mdunge! Mbona umesimama?"

Rhobi alifungua mkanda wa kengele shingoni mwa Shirati. Mkanda ulikuwa mgumu kwa maji. Alipoufungua, aliondoka na kengele. Aliingia jikoni, akachukua kufuli la ghala la mahindi, akaenda kulitia kwenye mlango wa duka. Ufunguo akautia kifuani. Kisha akakaa pale pale mlangoni, juu ya kreti la soda, kengele mapajani.

Watu walikuja kumpa pole. Wengine walikuja kununua.

"Duka limefungwa?" mmoja aliuliza.

"Limefungwa siku nyingi," Rhobi alijibu. "Ila hamkujua. Hata mlango ukiwa wazi, ndani hakuna mnachotaka."

"Mama Elieth, unaniaibisha mbele ya watu," Kisyeri alisema.

"Aibu?" Rhobi alisimama. Sauti yake ilifika barabarani. "Watu husema mganga hajigangi. Mimi nilidhani ni maneno tu! Mke wa muuza dawa, ng'ombe wangu amekufa mlangoni pa duka la dawa! Amekufa wakati dawa ya minyoo imejaa mpaka darini! Elieth nitamwambia nini? Nimwambie baba yako alitazama tu?"

"Ni mipango ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu! Mungu alileta mvua wakati ule ule anaoileta kila mwaka. Wewe ndiye uliyeshangaa."

Kwenye kizingiti cha jikoni alikaa Bibi Waisiko, mama yake Kisyeri. Alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Kisyeri akamgeukia kutafuta msaada.

"Mama, mwambie. Mwambie kwamba mali haihesabiwi."

Bibi Waisiko alitupa gunzi chini. "Ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Hiyo ni kweli. Lakini baba yako alisimama mlangoni pa zizi kila jioni ya maisha yake, mvua inyeshe, jua liwake. Ng'ombe wakipita, anawataja kwa majina. Mwenye baka, aliyevunjika pembe, mama wa mapacha. Wa kengele akiingia, anajua nyuma wamebaki ndama tu. Asipomwona mmoja, halali. Wewe umechukua nusu ya mila, Kisyeri. Umechukua kutokuhesabu, ukaacha kutazama."

Kisyeri aliinamisha kichwa. Rhobi alikaa tena juu ya kreti. Maneno ya mama mkwe yalikuwa mazuri, lakini hayakumfufua Shirati, na hasira yake haikupungua hata kidogo.

Siku iliyofuata alikuja Amondi na chupa yake ya maziwa. Amondi alikuwa mwanamke wa Kijaluo aliyepanga nyumba ya jirani. Kazi yake ilikuwa mtunza stoo katika kambi moja ya watalii karibu na geti la hifadhi la Ikoma. Kila alipokuwa likizo alinunua maziwa kwa Rhobi.

"Shikamoo, bibi," alimsalimia Bibi Waisiko.

"Marahaba. Leo hakuna maziwa, mwanangu. Mwenye maziwa amekufa."

"Yawa!" Amondi alishika mdomo. Alimtazama Rhobi, akatazama kufuli. Rhobi alimweleza yote, kwa ukali, kama vile Amondi ndiye aliyemuua ng'ombe. Amondi alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Nipe ufunguo, mdogo wangu," alisema. "Nataka kuona ndani."

"Ndani kuna takataka."

"Hizo hizo nataka kuziona."

Kisyeri alikuwa amekaa chini ya mchirizi wa bati, amekunja uso. "Leo Mjaluo anakuja kumfundisha Mkurya mambo ya ng'ombe?"

"Ng'ombe unawajua, shemeji," Amondi alijibu akicheka. "Mimi nitakufundisha rafu. Kule kwetu kambini, chumvi ikiisha siwezi kusema nakimbia dukani. Nje kuna simba. Gari la mizigo linakuja mara moja kwa wiki, na mvua ikinyesha halifiki. Miaka minane sasa, hakuna mgeni aliyewahi kula mchuzi bila chumvi."

Rhobi alifungua kufuli. Wakaingia wote.

Amondi alianza kwa kusoma tarehe. Alichukua chupa ya dawa ya minyoo, akaigeuza, akasoma. Akachukua nyingine. Uso wake ukabadilika. "Shemeji, hizi zimepita muda wake. Na hizi. Na zile za juu zimebakiza miezi miwili."

"Watu husema akiba haiozi," Kisyeri alisema.

"Akiba ya dawa inaoza. Kitu usichokiuza si akiba, ni mtaji uliolala."

Kisyeri alikuna shingo. "Zile zilizopita muda naweza kuzitoa kwa bei ya chini. Watu wa mbuzi hawasomi tarehe."

Hapo Rhobi alilipuka. Alimnyang'anya chupa mkononi. "Unataka kuua na mbuzi za watu sasa? Ng'ombe mmoja hakukutosha?"

"Nilikuwa nasema tu!"

"Usiseme tena. Kamwe!"

Amondi aliungana naye. "Dawa iliyopita muda haiuzwi, haimwagwi mtoni, haitupwi shambani. Itenge pembeni, umwite bwana mifugo, akuonyeshe utaratibu wa kuiteketeza. Zilizo na muda zikae mbele, ziuzwe kwanza. Kuanzia leo, ukileta mzigo mpya unauweka nyuma. Wa zamani unatangulia kutoka."

Walifanya kazi hiyo mpaka mchana. Rafu mbili zilibaki nusu. Kisha Amondi alikaa juu ya jiwe la chumvi.

"Sasa tuseme ya ndigana. Wiki moja ya mvua, unauza vichupa vingapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wateja."

"Hajui," Rhobi alisema.

"Najua!" Kisyeri alikasirika. "Najua kila ng'ombe aliyepata dawa yangu. Kichupa kimoja, ng'ombe mmoja. Wiki ile mvua ilipoanza, alipona mweusi wa Nyangi. Halafu yule wa Wegesa mwenye pembe moja. Halafu ndama wawili wa kanisani, ingawa kwa hao walitumia nusu nusu. Halafu jike la Regina, lile jeupe..."

Bibi Waisiko alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Rhobi alichota mahindi. Kila Kisyeri alipotaja ng'ombe, aliweka punje moja juu ya meza. Kwa ndama wawili aliweka punje moja. Kisyeri alipomaliza, punje zilikuwa nne.

"Hakuna aliyehesabu ng'ombe," Amondi alisema. "Umewataja tu, kama baba yako. Sasa niambie, dawa ikitoka Musoma inafika hapa baada ya muda gani?"

"Siku moja."

"Ilifika kwa siku moja safari hii?" Rhobi aliuliza.

Kisyeri alitikisa kichwa kukataa.

"Usipange kwa barabara nzuri," Amondi alisema. "Panga kwa barabara uliyonayo. Wakati wa mvua, mzigo umewahi kuchelewa kiasi gani?"

"Wiki mbili," Rhobi alisema. "Mwaka jana, maji yalipokata njia."

"Basi wiki mbili. Kila wiki punje nne. Weka nane. Hizo ndizo dawa watu watakazonunua wakati wewe unasubiri mzigo. Lakini kuna wiki ugonjwa unazidi, na kuna siku hata Musoma wameishiwa. Ongeza nne za dharura."

Rhobi aliziweka zote pamoja. Punje kumi na mbili, mstari mmoja juu ya meza.

"Kosa la maduka mengi ni hili," Amondi aliendelea. "Wanaagiza rafu ikiwa tupu. Rafu tupu si wakati wa kuagiza, ni wakati wa kuomba radhi. Unaagiza wakati dawa bado ipo, imebaki ya kukuvusha mpaka mzigo ufike. Chukua boksi dogo. Weka humo vichupa kumi na viwili. Vingine weka nje, ndivyo uuze kwanza. Vya nje vikiisha, unafungua boksi. Siku unayofungua boksi, siku hiyo hiyo unapiga simu Musoma. Si kesho."

"Kwa hiyo vya ndani ya boksi visiuzwe?"

"Viuzwe! Ndiyo kazi yake. Unauza hivyo huku unasubiri mzigo. Mzigo mpya ukifika, unajaza boksi kwa vipya, na vya zamani vilivyobaki unavitoa mbele. Kiangazi kupe wakipungua, boksi linakuwa dogo. Mvua zikikaribia, unalijaza kabla ya wingu la kwanza. Na dawa ya kuogesha fanya hivyo hivyo. Hizo mbili ndizo za kufa na kupona. Mawe ya chumvi yakiisha, nani atakufa?"

"Ni maneno mazuri," Kisyeri alisema taratibu. "Lakini mtaji wa kumi na mbili, na wa dawa ya kuogesha, nautoa wapi?"

Amondi alinyoosha mkono kuelekea kwenye dawa ya minyoo iliyotengwa. "Ulikuwa pale."

Rhobi alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti safari hii, na Kisyeri aliogopa zaidi.

"Una fahali," alisema.

Kila mtu alimjua fahali yule. Mweusi, nundu kubwa. Kisyeri alipita naye barabarani ili tu watu wamwone.

"Mama Elieth, fahali yule..."

"Shirati alikuwa wangu. Amekufa kwa uzembe wako. Fahali ni wako. Atakwenda mnadani. Atalipa muhula wa Elieth, na kitakachobaki kitajaza boksi. Ukikataa, kufuli linarudi mlangoni, na mimi narudi kwenye kreti langu."

Kisyeri alimtazama mama yake. Bibi Waisiko alikuwa anapepeta mahindi, kama hajasikia.

Fahali alikwenda mnadani. Kisyeri alirudi ameshika kamba tupu, na kwa siku nzima hakula. Rhobi hakumbembeleza. Moyoni alisema, sasa unajua inavyouma.

Dawa ilipofika, walipanga boksi pamoja. Kisyeri alitafuta kitambaa chekundu cha kulifunga, ili asijisahau. Rhobi alikwenda ndani, akarudi na kengele.

"Funga hii," alisema.

Kisyeri aliifunga kwenye kifuniko. Ikawa kwamba hakuna mtu anayeweza kufungua boksi lile kengele isilie, na hakuna kengele inayoweza kulia Rhobi asisikie jikoni. Mwezi wa pili, siku moja kengele ililia. Rhobi alitoa kichwa dirishani.

"Agiza!"

"Ndiyo nashika simu!"

"Nataka kusikia unaongea!"

Wateja walicheka wakaegemea ukuta. Lakini walianza kurudi. Jina la Njoo Kesho halikufa mara moja, kwa sababu majina ya utani yana roho ngumu, ila watu walilitaja huku wanatoka na dawa mkononi. Kila wiki Kisyeri aliwaogesha ng'ombe wote, akianza na yule mtamba wa Shirati. Mtamba alikuwa na mimba tangu kabla ya vuli. Maziwa yake ndiyo yangemrudisha Elieth shuleni muhula baada ya muhula, kwani fahali wa kuuza hakuwepo tena. Rhobi alimtazama mtamba yule kama mtu anavyotazama moto wa mwisho jikoni.

Masika yalikuja na hasira zake. Boksi lilikuwa limejazwa kabla ya wingu la kwanza. Mvua zilinyesha mfululizo, kupe wakawa wengi, dawa za nje zikaisha. Kengele ililia, Kisyeri akaagiza siku ile ile. Halafu maji yakakata njia. Basi halikuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Mugumu walikuwa wameishiwa. Kwa Kisyeri, dawa ilizidi kutoka kwenye boksi, kichupa kimoja kimoja, na ng'ombe wa watu wakapona.

Ndipo asubuhi moja Rhobi alimkuta mtamba kichwa chini.

Alishika sikio. Lilikuwa la moto. Alipapasa chini yake, akakuta uvimbe. Alishika mti wa zizi. Kisha hasira ya zamani ilimjaa tena kifuani, yote, kama vile Shirati amekufa jana.

Jackson alifika ametapakaa matope. Alipima joto, akasikiliza kifua. "Mvua imewaosha dawa mgongoni, na kupe mmoja anatosha," alisema. "Ni ndigana. Lakini mmeniita mapema. Anahitaji sindano sasa hivi." Aliinua macho, akauliza swali lile lile. "Kwako ipo?"

Kisyeri aligeuka, akaenda dukani. Rhobi alibaki zizini, mkono wake shingoni mwa mtamba. Alijaribu kukumbuka ni wangapi walionunua wiki hizi mbili. Nyangi. Regina mara mbili. Wale wa bondeni. Akashindwa kumaliza. Kama boksi ni tupu, aliapa moyoni, nitalifunga duka hili na ufunguo nitautupa mtoni.

Kengele ikalia.

Mtamba aliinua kichwa. Masikio yake yaligeukia dukani. Aliijua sauti ile tangu alipokuwa ndama.

Kisyeri alirudi amebeba kichupa kwa mikono miwili. Jackson alisoma tarehe, akatikisa kichwa kukubali, akavuta dawa, akamdunga mtamba shingoni. Rhobi alikuwa analia. Alikuwa analia na bado ana hasira, na hakuona haya kwa vyote viwili.

"Vimebaki vingapi?" alimuuliza mumewe.

"Vitatu," Kisyeri alisema. Alikuwa amehesabu. "Na Musoma wanapitisha mzigo kwa lori, njia ya mzunguko. Nimeongea nao jana na leo."

Siku ya tatu mtamba alikula majani. Mwezi uliofuata alizaa jike. Elieth alipokuja likizo alikuta maziwa jikoni. Alikunywa kikombe kizima, akaenda zizini kumwona ndama, kisha akarudi mbio.

"Mama, kengele ya Shirati iko wapi? Nataka nimfungie mama wa ndama."

Rhobi alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

"Iache hapo ilipo," alisema. "Bado ina kazi."